Kompyuta Iliyovalishwa Kola

Mtaani wananiita Fundi Kola. Kola nikiishona mimi haijikunji wala haichomi shingo. Mimi nashona, binti yangu anatarizi. Chumba chetu cha kazi ni kimoja. Cherehani yangu iko dirishani, mashine ya kutarizi iko ukutani, na katikati kuna kompyuta ya kukunja. Kompyuta ndiyo inayoiambia mashine ichore nini kwa uzi.

Kompyuta hiyo tulipewa na wakubwa, ikiwa imeshatumika. Walikuja na magari, wakatupanga mafundi mstari, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyerudi kuuliza kama inawaka. Mimi nilinuna. Mke wangu akaipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Akajifunza mwenyewe. Akachora humo beji za shule, maua, na ndege mmoja mwenye mkia uliopinda. Watu hutoka mitaa ya mbali kumfuata ndege huyo.

Mke wangu hayupo tena. Aliugua, na wenye funguo za stoo ya dawa walikuwa kwenye semina. Nisiseme mengi. Michoro yake ndiyo iliyobaki, na ndiyo inayotulisha.

Kila asubuhi binti alibonyeza kitufe cha kuwasha. Mimi nikaanza kushona kola. Nikaimaliza, nikaipiga pasi, nikashika nyingine, na kompyuta bado inazungusha kile kiduara chake.

"Imeamka?" nauliza.

"Inapiga miayo, Baba."

Asubuhi moja ikaanza kulia. Tk, tk, tk, kama kucha juu ya meza. Nikanyanyua mkono niipige kibao.

"Baba, usiipige! Michoro ya Mama imo humo!"

Mkono ukabaki hewani. "Takataka ya wakubwa hii," nikasema. "Wao wanatumia mpya, sisi wanatutupia mizoga."

"Wakubwa hawapo hapa uwagombeze. Namwita Mama Pacha."

Mama Pacha ni jirani yetu. Anatengeneza kompyuta chuoni. Alikuja na mkoba wa bisibisi, akainamisha sikio.

"Michoro yenu mmeiweka wapi kwingine?" akauliza.

Binti akanitazama. Mimi nikamtazama binti.

"Kwingine wapi?" nikasema. "Si imo humo?"

"Humo tu?"

"Humo tu."

Akashusha pumzi. "Basi kutengeneza baadaye. Kwanza tunanakili. Humu ndani kuna diski. Ndiyo ghala ambamo kompyuta huweka kila kitu. Hii yenu ni ya zamani, ina sahani inayozunguka na mkono mdogo unaosoma. Mlio huo ni mkono unaohangaika. Diski ikifa sasa, inaondoka na vyote."

Nikakaa kwenye kiti. Mke wangu nilishamzika mara moja.

"Anza na ndege," nikamwambia.

Akachomeka flashi. Faili la ndege likasita njiani. Tk, tk. Kisha likapita. Binti akapiga makofi, mimi nikajifanya natafuta mkasi. Maua yakafuata, beji zikafuata.

"Sasa tutafute uzito wake," akasema Mama Pacha. Akafungua orodha kwenye kioo. "Hizi ni programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Ya muziki. Ya mikutano. Ya printa. Printa mnayo?"

"Iliungua zamani," binti akacheka. "Umeme wao."

"Zote hizi zinasukumana mlangoni kila asubuhi. Tunaziambia zilale mpaka ziitwe. Ila ya kuzuia virusi msiiguse."

Akazima, akawasha. Ikaamka mapema kidogo, lakini ule mlio haukuondoka.

"Hapo ni diski yenyewe," akasema. "Nunueni ile isiyozunguka, wanaiita SSD. Lakini lazima ioane na kompyuta yenu. Ngoja niwafungulie muitazame."

Sikungoja. Dukani nikaomba SSD iliyo mpya kuliko zote. Muuzaji akaapa inaingia kompyuta zote. Nikarudi kifua mbele na kadi nyembamba kama kipande cha rula.

Nikamkuta Mama Pacha ameshazima kompyuta, amechomoa waya na betri, amefungua mfuniko. Diski ya zamani ilikuwa bapa kama pakiti ya karata. Mdomo wake haukufanana kabisa na wa kadi yangu. Nikachukua mkasi.

"Nipunguze hapa pembeni?"

"Mzee wangu! Weka mkasi chini!"

"Mimi kisichoenea napunguza, kinachobana naachia. Ndiyo kazi yangu."

"Hiyo ni nguo! Hapa ukipunguza umeua." Binti alikuwa ameinamia meza, anacheka mpaka machozi.

"Wanaoshika mihuri wangekagua maduka haya..." nikaanza.

"Kifungo cha shati kikipotea," akanikatiza Mama Pacha, "unaendaje dukani kukitafuta?"

"Naenda na mwenzake, nilinganishe."

"Basi na diski ni hivyo hivyo. Nenda na ya zamani mkononi. Linganisha mdomo wa kuunganishia, linganisha umbo, tazama na unene. Mdomo wa diski yenu unaitwa SATA. Upya si hoja, hoja ni kuoana."

Nikarudi dukani na diski ya zamani mfukoni. Muuzaji akanung'unika, akabadilisha. Safari hii mdomo ulikubali. Lakini diski mpya ilikuwa nyembamba zaidi, ikacheza ndani ya nafasi yake.

"Ikitikisika itachomoka," akasema Mama Pacha. "Huwa tunaweka fremu ya plastiki. Leo sina."

"Kitambaa je?" binti akauliza.

"Kitambaa kinatunza joto. Plastiki ngumu, nyembamba."

Nikavuta droo ya cherehani. Humo naweka vile vipande vya plastiki vya kukazia kola. Nikampa viwili. Akavipachika pembeni, akatikisa kompyuta karibu na sikio. Kimya.

"Fundi Kola," akasema, "umeivalisha kola."

Akaweka upya mfumo wa kuiendesha kompyuta na programu ya kutarizi. Akarudisha michoro kutoka kwenye flashi. Binti akafungua faili la kwanza, na ndege akatokea kiooni, mkia wake umepinda vilevile. Nikamshika Mama Pacha mkono kwa mikono miwili.

Siku hizi kila tukichora kitu kipya tunakinakili pale pale. Flashi moja iko kwetu, nyingine iko nyumbani kwa Mama Pacha. Wakubwa sijawasamehe. Lakini nikikaa kwenye cherehani moyo wangu hauendi kwao. Unaenda kwa mwanamke aliyeipokea kompyuta nilipoikataa, na kwa jirani aliyetutunzia alichokiacha mke wangu humo. Mabinti zake mapacha niliwashonea magauni, na kila moja lina ndege kifuani.

Asubuhi binti anabonyeza kitufe. Mimi nalamba uzi, nautafutia tundu la sindano.

"Baba, imeamka."

"Ngoja basi! Hata uzi sijautia."