Kitasa cha Mlango wa Nyuma

Kitasa kiliibwa ndani ya yadi ya polisi, kutoka kwenye basi lililozuiliwa kama kielelezo.

Jana yake mlango wa nyuma wa basi hilo ulifunguka kwenye kona. Mshonaji mmoja, mama wa watoto wawili, akaangukia lami. Sasa amelazwa, miguu haisikii kitu. Dereva yuko mahabusu. Kampuni imekwisha kunawa mikono: mwendo kasi, kosa la dereva, sisi hatumo. Ndivyo walivyo matajiri tangu zamani. Mkono ukileta faida ni wao, ukivunja mtu wanaukana.

Inspekta aliuchunguza mlango. Jana alikiona kitasa kimekatika ulimi. Leo kilikuwa kipya, kinang'aa. Na juu yake ukanda wa mpira, umefungwa mafundo mawili mpaka kwenye nguzo.

Akamwita kondakta.

"Ndugu yangu, kitasa kipya hufungwa mpira?"

"Hapana, afande."

"Huu kaufunga nani? Dereva yuko ndani. Meneja hajui hata basi lake lina milango mingapi."

Kondakta akaitazama mikono yake.

"Mkono mjinga huu. Kila asubuhi unafunga mpira. Jana usiku, nikibadilisha kitasa, umefunga tena, wala sikuutuma."

"Kitasa cha zamani kiko wapi?"

"Kwa meneja. Kilikatika mwaka jana, tukamwambia. Akasema fungeni mpira, basi halilali. Jana jioni kaniletea kipya, mkaguzi wa magari akija asione kitu."

"Mlinzi wa yadi?"

"Shemeji yake meneja."

"Na wewe umepata nini?"

"Njia ya milimani."

"Njia tu?"

"Mke wangu ni muuguzi kule, linakoishia basi. Mwanangu kwenye simu ananiita mjomba. Kila alfajiri basi la huko hutoka kando ya langu, nalisindikiza kwa macho mpaka lipinde. Nimeiomba njia ile mpaka nimechoka. Jana meneja kasema: badilisha kitasa, kesho unapanda milimani."

"Mwenzako afungwe?"

"Nilimfikiria, afande. Kisha nikaufikiria mto wa pili kitandani kwangu, usiolaliwa."

Inspekta alituma askari kwa meneja, kisha akavuta karatasi ya maelezo.

"Andika," kondakta akasema. "Tulifunga mpira kwa amri ya mwajiri. Yeye amjibu yule mama. Ukimaliza, mpigie mke wangu. Mwambie siji. Mimi sitaweza kulisema."