Maneno Mawili kwenye Karatasi ya Mwisho

Siku ya usajili ukumbi mkuu wa chuo ulifurika wanafunzi, na binti mmoja asiyeona aliingia humo akiwa na hofu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi masomoni tangu macho yalipozima. Alivaa gauni la rangi ya chungwa alilochaguliwa na mama yake, "ili watu wakuone hata kama wewe huwaoni," raba nyeupe na miwani myeusi, na fimbo yake nyeupe aliibana mkononi hadi vidole vikauma. Kila upande ni mabega, mikoba na kelele. Hakujua kama ofisi ya huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu iko kushoto au kulia, na hakutaka kuuliza kwa sababu alijua sauti ingemsaliti.

Mara kijana mmoja aliyekuwa akitembea kinyumenyume, kakumbatia boksi la karatasi, akaikanyaga ile fimbo. Ikapinda.

"Kaka," alisema binti, "huoni?"

Foleni nzima ilicheka. Kijana aligeuka na ukali wake mdomoni, akaona fimbo, akaona miwani, akatamani sakafu impokee.

"Samahani, dada. Sikuona."

"Basi tuko wawili. Tofauti ni kwamba mimi nina cheti cha daktari."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Ofisi ya huduma. Kama bado ipo."

"Ipo, ndiko ninakopeleka boksi hili. Mimi ni mwandishi pale."

"Wa magazeti?"

"Wa mitihani. Wewe unasema, mimi naandika. Nikushike mkono?"

"Hapana, mimi ndiye ninayeshika. Nipe kiwiko. Watu wakinishika wananiburura kama mbuzi wa mnadani."

Akampa kiwiko. Aliona mkono wa yule dada unatetemeka, akadhani ni baridi ya feni za ukumbini. Kumbe ni hofu tupu, na lile domo lote lilikuwa la kuifunika.

Binti alisomea sheria, kwa hiyo kijana akamwita Mheshimiwa. Yeye akamwita Kalamu. Ndivyo tutakavyowaita na sisi.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido ya chini: mashine ya kuchapa nukta nundu iliyopiga kelele mchana kutwa, rafu ya vinasa sauti, na kompyuta moja tu inayosoma skrini kwa sauti, yenye foleni ya watu saba. Ndiyo maana asiyeona alifanya mtihani kwa kumwambia mwandishi. Aliyeongoza pale ni Mama Mratibu, mwanamke mfupi wa magongo mawili, ambaye alihangaika miaka kumi na mmoja mpaka chuo kikakubali kuwa na waandishi. Masharti yake aliyajua kila mtu. Mwandishi asisomee fani ya mwanafunzi. Asiwe ndugu yake, mke, mume wala mpenzi. Fomu ya kutokuwa na uhusiano inasainiwa kila muhula. Na mtihani wote unarekodiwa.

"Andika unachosikia," aliwaambia waandishi. "Akikosea, kosa ni mali yake. Usimwibie."

Kalamu alisomea uhandisi wa maji, hakuwa na habari na sheria. Lakini kazi yake ya pili ilikuwa kusoma vitabu na kuvirekodi ili wanafunzi wavisikilize, na kwa miaka miwili alimsomea Mheshimiwa kitabu baada ya kitabu. Binti alilala na sauti ile masikioni na kuamka nayo. Mnajua wenyewe mambo hayo yanakoishia.

Wakapigiana simu kila jioni.

"Kalamu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, Mheshimiwa?"

"Siwezi kula, kuna mtu hajaniambia neno lake."

"Nitakuambia baada ya karatasi ya mwisho."

"Niambie sasa."

"Kuna fomu."

"Fomu ina masikio?"

"Haina. Ila mimi nimeisaini." Wakacheka wote wawili, na hakuna aliyetaka kukata simu.

Jioni moja Mheshimiwa alipiga akilia. Darasani, kiti cha nyuma yake, mtu alikuwa amesema bila hata kunong'ona: "Hao si wanaandikiwa? Digrii ya kuandikiwa, nani ataikosa?"

"Mpuuze," Kalamu alisema.

"Siwezi. Kalamu, nikifeli nataka nifeli mimi. Nikishinda nishinde mimi. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mpen... Mheshimiwa."

Alisema anaelewa. Tuliweke hilo wazi, maana ndilo lililomtesa baadaye.

Karatasi ya mwisho ilifanyika katika chumba kidogo chenye meza moja. Msimamizi alikaa dirishani akihangaika na usingizi. Taa nyekundu ya kinasa sauti iliwaka. Swali la nne lilihusu fundi ujenzi aliyevunjiwa mkataba miaka minne iliyopita: je, bado anaweza kwenda mahakamani? Mheshimiwa alijibu vizuri ukurasa mzima, akafika kwenye mstari wa mwisho akiwa amechoka, akachanganya muda wa mikataba na ule wa ajali.

"Muda wa kufungua shauri ni miaka mitatu," alisema. "Kwa hiyo fundi amechelewa."

Kalamu aliinua kichwa. Ni sita! Ukurasa ule alikuwa amemsomea mara tatu, hata alikumbuka kikohozi kilichomkatiza alipokuwa akiurekodi. Swali zima lilisimama juu ya mstari ule. Alimtazama usoni, akaona jasho juu ya mdomo, akamfikiria mama wa binti aliyekuwa akisubiri mahafali, na mkono ukaenda wenyewe. Ukaandika "sita". Ukaandika "hajachelewa".

"Nisomee mstari wa mwisho," alisema Mheshimiwa.

Kalamu aliinamia karatasi. "Muda wa kufungua shauri ni miaka mitatu. Kwa hiyo fundi amechelewa."

"Sawa. Tuendelee."

Nje, kwenye kibaraza, Mheshimiwa alikunja fimbo yake, akatabasamu kuelekea pale aliposikia pumzi ya Kalamu. Alivaa blauzi ya bluu iliyopigwa pasi ikanyooka, na alijipaka mafuta ya waridi, kwa makusudi.

"Haya. Fomu imekwisha. Sema."

Kalamu alifungua mdomo. "Kichwa kinaniuma. Tutaongea," alisema, akaondoka akitembea haraka, na binti alisikia kila hatua.

Mheshimiwa alipiga simu jioni, haikupokelewa. Akapiga asubuhi. Siku ya nne alituma ujumbe wa sauti: "Kalamu, kama umebadili nia niambie tu. Mimi si yai." Siku ya saba aliacha kupiga. Sasa alijua, au alidhani anajua: kusoma vitabu ni kazi ya miaka miwili, kuishi na asiyeona ni kazi ya maisha, na kijana kapiga hesabu akaona haimfai. Woga wa zamani ukarudi, ule wa ukumbini, ila safari hii ulimkuta chumbani mwake mwenyewe.

Mama yake alipiga simu. "Mwanangu, kitambaa cha mahafali nimeshampa fundi cherehani. Mbona sauti yako hivyo?"

"Mafua, mama."

Kalamu hakuwa anapiga hesabu yoyote. Alikuwa anaogopa, na hofu yake haikumpa nafasi hata ya kunywa chai. Kila simu ilipolia alijua ni Mama Mratibu. Kinasa sauti kilikuwa na sauti ya binti ikisema mitatu, na sauti yake yeye ikisoma mitatu, na karatasi ilisema sita. Wakizilinganisha, nani atakayeamini kuwa binti hakujua? Watasema walipanga, na yule wa kiti cha nyuma atapata la kusimulia. Alitaka kumwambia Mheshimiwa, lakini kila aliposhika simu alikumbuka kauli yake, "nishinde mimi," akaiweka chini.

Siku ya kumi na moja, akiwa maabara ya maji, ujumbe uliingia kwa waandishi wote: kuanzia kesho, ofisi itachagua karatasi kadhaa na kuzisikiliza sambamba na rekodi zake. Chupa ya sampuli ilimponyoka ikapasuka.

"Ni wewe umevunja," ilisema sauti mlangoni. "Najua unavyovuta pumzi ukikosea."

Mheshimiwa alikuwa amefika peke yake, orofa ya pili ya jengo asilolijua, akihesabu milango kwa vidole. Nywele alizifunga ovyo na raba zilikuwa na matope. Alikuwa ameazimia kuambiwa ukweli ana kwa ana, hata umuue.

"Usisogee, kuna vioo," Kalamu alisema.

"Sisogei. Nimekuja kusikia neno moja. Ni kwa sababu ya macho yangu?"

"Wallahi, hapana!"

"Basi ni nini?"

Kalamu alijaribu kuanzia mbali, akashindwa, akalitoa lote kwa mkupuo: mitatu, sita, amechelewa, hajachelewa, na ile kusoma kwa uongo.

Mheshimiwa alitafuta ukuta kwa mgongo, akauegemea.

"Kwa hiyo na wewe," alisema taratibu, "na wewe pia ulidhani siwezi."

"Niliogopa ungefeli."

"Kufeli kulikuwa kwangu! Ungeniachia! Yule wa kiti cha nyuma alinitukana tu. Wewe umemfanya awe mkweli."

"Nitakwenda kusema ni mimi peke yangu. Wewe baki nje ya hili."

"Karatasi ina namba yangu, nitabaki nje vipi?" Aligeuka, akaondoka. Kalamu alisikia fimbo ikigonga korido, ikagonga ngazi ya kwanza, ikasimama. Kisha ikarudi.

"Nipe kiwiko," alisema Mheshimiwa. "Sijakusamehe. Ngazi hizi sizijui."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa Mama Mratibu. Leo hii, kabla hawajasikiliza."

"Wakikufukuza je?"

"Naogopa hilo kuliko wewe. Twende."

Mama Mratibu aliwasikiliza wote wawili bila kukatiza, magongo yake kayaegemeza mezani. Uso ulizidi kuzeeka kadiri walivyosema. "Miaka kumi na mmoja," alisema hatimaye, na hakumalizia. Akamgeukia Kalamu. "Wewe hutashika karatasi ya mtu humu tena. Mengine idara yako itaamua. Na wewe, binti yangu, kanuni inasema asiyejua, akajileta mwenyewe, anarudia karatasi ile ile baada ya miezi mitatu. Mahafali ya mwaka huu yamekupita. Lakini wa kuamini kwamba hukujua ni kamati, si mimi. Wasipoamini, unafukuzwa."

"Nimesikia, mama."

"Basi utoe maelezo." Alivuta fomu na kalamu. "Sema, nikuandikie."

"Aandike yeye."

"Huyu ndiye unayemlalamikia!"

"Ndiyo. Aandike yeye, halafu wewe unisomee."

Mama Mratibu akaisukuma fomu upande wa Kalamu. Kijana alikaa.

"Mwandishi wangu alibadilisha maneno mawili bila mimi kujua," alisema Mheshimiwa. Kijana akaandika. "Nilipomwomba anisomee, alinidanganya." Akaandika. "Alifanya hivyo kwa sababu hakuniamini."

Mkono wa Kalamu ulisimama. Yalikuwapo maneno mengi laini kuliko hilo: alinihurumia, alitaka kunisaidia, alipitiwa. Lolote kati ya hayo lingeingia pale vizuri, na binti asingeliona. Aliandika "hakuniamini", herufi kwa herufi, macho yakimwuma.

"Naomba karatasi hiyo ifutwe, nirudie na mwandishi mwingine. Mama, hapo pana swali la uhusiano?"

"Lipo. Chini kabisa. Mihula yote mmejibu hakuna."

"Na ilikuwa kweli. Leo jibu limebadilika." Akavuta pumzi. "Kalamu, andika: nampenda."

Hakusikia kalamu ikikwaruza karatasi. "Umeandika?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Mheshimiwa, hayo ni maelezo ya kamati. Watayasoma watu sita."

"Wayasome. Mimi ndiye ninayesema. Wewe andika."

Akaandika. Mama Mratibu aliichukua fomu, akavaa miwani, akaisoma yote kwa sauti kuanzia juu, polepole. Mheshimiwa alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ilipofika "hakuniamini", mabega yake yalishuka. Ilipofika "nampenda", Mama Mratibu alivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo."

Kalamu aliweka kidole cha binti mahali pa kuanzia, akauachia mkono wake. Sahihi ilikuwa kubwa, ikapanda juu ya mstari na kuutoka kabisa.

"Kamati inakaa Jumatatu, saa tatu asubuhi," alisema Mama Mratibu. "Mje wote wawili. Mtahojiwa mmoja mmoja."

Wakaifuata korido mpaka mlango wa nje. Hapo Mheshimiwa alisimama, mkono ungali kwenye kiwiko. Ulikuwa unatetemeka, na safari hii kijana hakudhani ni baridi.

"Nitakupitia saa mbili," alisema Kalamu.

"Njoo saa moja na nusu," alisema Mheshimiwa. "Na ukifika, kabla hujaniambia lolote la kunituliza, niambie kwanza jinsi unavyoogopa wewe. Nataka kuanza na ukweli."