Tone la Tindikali

Saa sita mchana lile duka la vifaa vya ufundi huwa halina pa kukanyaga. Huyu anataka misumari, yule anapima mnyororo kwa urefu wa mkono, mwingine analalamika kuhusu gundi iliyokataa kushika. Katikati ya msongamano huo mikono miwili ilishika karatasi moja ya msasa, ule laini kabisa, namba elfu mbili, nayo ilikuwa ya mwisho dukani.

Mkono mmoja ulikuwa wa mwanamke mwembamba, gauni la kijani limenyooka kwa pasi, ila vidole vimeingia weusi ambao sabuni ilikwisha kushindwa nao. Wa pili ulikuwa wa mwanaume mrefu mwenye shati jeupe, au pengine ni vumbi tu lililolifanya jeupe.

"Kaka, nimeushika mimi kwanza."

"Mimi nimeushika tangu jana, dada. Nilikuja nikakuta wamefunga."

"Kwa hiyo uliushika kwa moyo."

"Moyo wote."

Muuzaji aliwatazama juu ya miwani. "Ninyi wawili, oaneni au mnilipe. Watu wanangoja."

Wakalipa nusu kwa nusu. Walipotoka kizingitini mwanaume aliikunja karatasi, akaichana katikati, kikabaki kipande chembamba pembeni. Akakizungusha kwenye kidole cha mwanamke kama mtu anayecheza.

"Kidole kimekonda hiki. Hakili?"

"Kinafanya kazi. Mimi ni sonara, nachezea fedha na dhahabu. Wewe je?"

Alitoa jiwe mfukoni badala ya kujibu. Lilikuwa na rangi ya asali iliyotiwa maziwa, na ndani yake maua madogo madogo, kila moja sawa na punje ya mtama, yamebanana bila kugusana.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Nilizaliwa majini, nikakulia nchi kavu, na maua yangu hayanyauki."

"Tumbawe lililogeuka jiwe."

"Umeliona mkononi mwangu. Huko ni kuibia mtihani."

Akaeleza kwamba mawe kama hayo hayatoi baharini. Yako machimboni, mwendo mrefu kutoka majini, mahali ambapo bahari ilikaa kabla hajazaliwa mtu wa kusema ni yake, ikaondoka ikaacha matumbawe yakigeuka mawe polepole. Yeye huyakata na kuyang'arisha. Kile kipande chembamba cha msasa, kikiwa bado na mkunjo wa kidole chake, alikitia mfukoni, na sonara hakuona.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mkata mawe analeta mawe, sonara anayavalisha fedha. Sonara alimwita mwenzake Msasa, naye akamwita Fundi Wangu.

"Umekula, Msasa?" sonara alizoea kuuliza kwenye simu.

"Nimekula vumbi."

"Basi leo usinibusu, utanikwaruza."

Lakini sonara huyu alikuwa na kidonda chake. Miaka mitano nyuma aliuziwa mawe yaliyokuwa chokaa iliyopakwa rangi. Akayaweka kwenye kidani cha bibi harusi, jasho likatoka, rangi ikachuruzika kwenye gauni mbele ya wageni wote. Tangu siku hiyo kila jiwe lililoingia mikononi mwake alilipima kabla ya kazi nyingine yoyote: tone moja la tindikali mgongoni. Tumbawe lililoiva, lililogeuka jiwe mpaka ndani, hukaa kimya. Ambalo halijaiva, au la kughushi, hutoa povu na kubaki na kovu.

Mawe ya kwanza ya Msasa aliyapima mbele yake. Yote yalikaa kimya. Mwezi wa nne tangu wakutane alikifunga kichupa cha tindikali, akakirudisha juu ya kabati.

"Mawe yako siyapimi tena," alisema.

Msasa hakutania siku hiyo. Aliushika mkono mweusi wa sonara akauweka shavuni, akakaa hivyo kitambo. Alijua amepewa nini.

Mwezi wa saba Msasa alifika karakanani kwa sonara kwa haraka, jasho shingoni, akaacha bahasha mezani. "Tengeneza pete. Kipimo kimo humo humo. Usiniulize ya nani."

"Unakimbilia wapi?"

"Nampeleka mama hospitali, macho yake. Halafu kitendawili: nyumba yangu ya duara, haina mlango wala dirisha, mpangaji ni mmoja na hahami."

Akatoka kabla hajajibiwa.

Sonara akafungua bahasha. Jiwe lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kuleta, maua yake makubwa, yamefunguka. Lakini lilikuwa jepesi. Na ukingoni lilikuwa na kishimo cha zamani, kama kilicholiwa. Akakumbuka maneno ya Msasa. Usiniulize ya nani. Kwa nini asiulize? Aliliweka chini, akaenda kukoroga chai, akaiacha ipoe, akarudi. Mwishowe, jua likizama, alipanda kwenye kigoda, akashusha kichupa.

Tone moja tu. Povu likatoka likichemka taratibu, na alipolipangusa alikuta kovu kubwa kama dengu.

Alipiga simu hapo hapo.

"Hili jiwe umelitoa wapi?"

Nyuma ya sauti ya Msasa mashine ilikuwa inasaga. "Kwani lina nini?"

"Limetoa povu."

Mashine ikazimwa.

"Povu litatoka wapi kama hukulidondoshea?"

"Nimelidondoshea."

"Ulisema yangu huyapimi."

"Na wewe ulisema yako yote yameiva."

"Hilo sikusema limeiva. Sikusema kitu."

"Ndiyo hivyo. Hukusema kitu."

Sonara akatazama kama simu imekatika.

"Liweke," alisema Msasa. "Nitakuja kulichukua."

Hakuja. Wiki ya kwanza sonara alikuwa na hasira, na hasira ni rafiki mzuri wa kazi, akamaliza hereni za watu wote. Wiki ya pili hasira ikaisha, ikamwachia karakana yenye ukimya. Wiki ya tatu aligundua kwamba kila simu ikilia anafuta mikono kwenye aproni kwanza, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni.

Alhamisi ya wiki hiyo teksi ilisimama nje. Dereva akamshika mkono mama mmoja mfupi, miwani myeusi, khanga mbili safi za rangi moja, akamwingiza ndani na kumkalisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye mama wa mkata mawe. Nipe jiwe langu nilishike."

Sonara akainuka. Alilileta. Mama akalizungusha kwenye kidole gumba, polepole, kama anayesoma.

"Baba yake alilikata kwa msumeno wa mkono tulipokuwa wachumba. Alipumzika siku moja kwa wiki, na siku nne kama hizo zilimwishia kwenye jiwe hili. Pesa ya kulivalisha hatukupata, likakaa kwenye kikasha changu cha uzi miaka arobaini na miwili. Nikampa kijana wangu, nikamwambia, ukimpata wako, huyo ndiye alivae."

"Halijaiva, mama," sonara alisema kwa sauti ndogo.

"Halijaiva. Nusu bado ni chokaa. Hata marehemu alijua, alilichagua kwa maua yake." Kidole gumba kikasimama. "Hili kovu ni lako."

"Ni langu, mama. Nisamehe."

"Na hiki kishimo cha ukingoni ni changu."

Sonara aliinua uso.

"Siki ya jikoni. Shoga yangu aliniambia, huyo mwanaume amekuokotea kipande cha sakafu. Nikalidondoshea. Likachemka. Nikalia siku mbili, halafu nikamuuliza mwenyewe. Wewe ulimuuliza?"

"Nilimwambia…"

"Sikukuuliza kama ulimwambia."

Mama akatafuta mkono wa sonara mezani mpaka akaupata.

"Mwanangu hajui habari ya siki. Baba yake aliijua, akanyamaza mpaka anaingia kaburini. Na huyu naye ana kosa lake. Jiwe kama hili halitupwi mezani mtu akakimbia. Alitaka kukushtua kwa furaha, akakushtua kweli. Sasa sikiliza. Jumatatu wananipasua jicho, na daktari hajaniahidi kitu. Leo bado naona kivuli na rangi. Ningependa kuliona limevalishwa fedha."

Teksi ilipoondoka sonara alikumbuka bahasha. Kipimo kilikuwa bado ndani yake, chini kabisa, hakuwahi kukitoa, maana kwake jiwe hupimwa kwanza na kidole baadaye. Akakivuta. Kilikuwa kipande chembamba cha msasa, namba elfu mbili, ncha zake zimetiwa alama ya kalamu. Alikizungusha kwenye kidole chake, na alama mbili zikakutana. Akakaa chini, akalia kwa kwikwi.

Halafu akafanya kazi. Jiwe lile halivumilii moto wala tindikali, kwa hiyo alilehemu duara la fedha kwanza, akalisafisha, akaliacha lipoe kabisa. Alikuwa na hereni moja ya dhahabu iliyopotelewa na mwenzake. Akaiyeyusha, akaifanya ukingo mwembamba, akaukandamiza kwa mkono kuzunguka jiwe, kidogo kidogo, Ijumaa nzima. Mgongo wa pete kwa kawaida huzibwa. Huu aliuacha wazi, kovu likae upande wa ngozi.

Jumamosi asubuhi, gauni lile lile la kijani, alikwenda kwenye uwanja wa mkata mawe. Msasa alikuwa ameinama kwenye mashine, maji meupe yakimtiririka viwikoni. Alimwona. Hakuzima. Sonara akasimama akasubiri, matone ya chokaa yakimrukia gauni, hata mashine yenyewe ikawa kama imechoka, ndipo Msasa akaizima.

"Nimekuja kuuliza," alisema sonara. "Ningeuliza siku ile. Jiwe lile ni la nani?"

Msasa alifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Lilikuwa la mama. Nilitaka liwe lako. Ningekwambia siku ya kukuvisha, na kama ningekwambia mapema lisingeumia."

"Nilikuahidi nikavunja."

"Ulivunja." Akageukia mawe yaliyolala pembeni. "Iliniuma, Fundi Wangu. Sikusaga kitu cha maana wiki tatu. Tazama hayo yote, yamepinda."

Alitazama. Yalikuwa yamepinda kweli.

"Kitendawili chako sijakujibu," alisema, akafungua kiganja.

Msasa aliichukua pete, akaigeuza, akaliona kovu. Kidole chake cha vumbi kiligusa kovu, kikagusa na kile kishimo cha ukingoni.

"Hiki si chako."

"Hicho kamuulize mama. Ila muulize, usimwambie."

Ndipo akacheka, kicheko kifupi kilichokaribia kuwa kitu kingine. Akaushika mkono mweusi, akaivisha. Iliingia bila kusukumwa.

"Nyumba yangu ya duara, haina mlango wala dirisha," alisema.

"Mpangaji ni kidole changu," alijibu sonara. "Na hahami. Nawa mikono, Msasa. Mama anatusubiri kukiwa bado na mwanga."