Maji ya Moto Niliyomficha Shemeji

Ndugu wasomaji, miaka yangu siijui sawasawa. Najua tu kwamba Wajerumani walipofikisha reli Mnyuzi, nilikuwa na ndevu tayari, na kazi yangu ilikuwa ukinyozi. Shule nilisoma kidogo sana, mnisamehe nikipotea njia.

Niliwanyoa watu wetu wa nywele za kipilipili. Jamani, kazi si wembe, kazi ni kukitayarisha kichwa! Unaosha vumbi, unafunika kichwa kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka nywele zilegee, unachana taratibu, ndipo unyoe. Baba alinifundisha hivyo... baba alikuwa mkali, hata mbuzi walimwogopa. Hayo tuyaache.

Dada yangu Mwanaidi akaolewa na Mwinjuma, kinyozi wa Pangani. Yeye alizoea nywele za singa, za Waarabu na Wahindi. Hizo unazichana kavu, unazilowesha kidogo, unakata kwa mkasi. Akahamia kwetu, akaweka kigoda chake karibu na changu.

Haukupita mwezi, wenye maduka wote kwake! Nikavumilia. Lakini siku moja mama alichinja kuku, firigisi akamwekea Mwinjuma. Firigisi niliyokuwa nikila mimi tangu baba afariki! Siku ile sikula kitu. Wivu ulinishibisha.

Akaja shaushi, mkubwa wa askari wa Wajerumani, nywele za kipilipili nzito, zimeshonana. Alikuwa anakwenda Korogwe kwenye gwaride, na alimtaka Mwinjuma, kwa sababu amesikia sifa zake. Shemeji akanifuata uani.

"Shemeji, kichwa kama kile nakianzaje?"

Birika langu lilikuwa linachemka pale pale mekoni... Nikamwambia apake mafuta tu, anyoe kavu, maji yanazikaza nywele. Akanishukuru!

Nilidhani atafokewa tu. Kumbe! Wembe ulikwama, ukavuta, ukachana ngozi. Shaushi akaona damu. Shemeji akalazwa kifudifudi, akapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, nami nimesimama pale naangalia.

Mwinjuma hakunilaumu. Aliamini kakosea mwenyewe. Dada ndiye aliyemdadisi alipokuwa anamkanda mgongo, kisha akaja kwangu.

"Kaka, habari ya maji ulimwambia?"

Nikaliangalia birika.

"Haya," akasema, akaondoka. Wiki ile ile wakahamia Makuyuni.

Katika ukoo wetu, mjomba ndiye anayemnyoa mtoto nywele alizozaliwa nazo. Niliposikia dada kajifungua mtoto wa kiume, niliunoa wembe, nikaenda kwa miguu. Nani angenizuia haki yangu?

Nilikuta mtoto kanyolewa. Baba yake kamnyoa, vizuri kabisa, na kitambaa cha maji ya moto bado kinatoa mvuke. Alikuwa amejifunza bila mimi.

Dada hakuniangalia. Mwinjuma akanikaribisha chakulani, akachukua firigisi sahanini kwake, akaiweka kwangu.

"Kula, shemeji."

Sikuweza kuimeza... Hata leo siili.

Wenzangu, mtu akikuuliza kazi unayoijua, mwambie kweli. Ukishindwa, bora umwambie hutaki. Wembe ule ninao bado, na mtoto wa dada yangu hata mmoja sijamnyoa.