Sindano si Mwiba

Asubuhi hiyo Rwamba alikuwa akipiga deki katika zahanati moja karibu na Kiritiri, akiimba nyimbo za harusi. Wagonjwa walimcheka, naye hakujali hata kidogo. Baada ya miezi minne tu, yeye na mchumba wake Ireri wangesimama mbele ya kasisi!

Akashika mfuko wa takataka aufunge. Aii! Mtu alikuwa ametupa sindano iliyotumika humo. Ilipenya glavu ikamchoma kidole.

Sasa, mtu wa huku Mbeere na miiba wamezoeana. Rwamba alichunga mbuzi tangu utotoni. Mwiba ukikuchoma, unakamua damu, unanyonya, unatema, unafuata mbuzi wako. Basi akavua glavu, akakamua kidole. Alikuwa anakipeleka mdomoni wakati muuguzi, Sista Ruguru, alipoingia.

"Wee Rwamba! Usinyonye! Umechomwa na nini?"

Rwamba akasita. Yeye ni kibarua tu, na aliogopa kufutwa kazi. "Sindano," alisema kwa sauti ndogo.

"Njoo hapa mbio!" Ruguru akafungua bomba. "Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue. Wala usipake spiriti."

"Lakini mwiba sisi hukamua, Sista."

"Mwiba una damu ya nani? Sindano hii imetoka kwa mtu tusiyemjua. Inaweza kuwa na virusi vya ukimwi, au vya homa ya ini. Kukamua hakuvitoi."

Rwamba akaosha upesi. "Na harusi yangu?"

"Harusi ipo! Bahati yako tumejua mapema. Nitakupima, kisha uanze dawa za kuzuia ukimwi sasa hivi. Siku tatu zikipita, umechelewa. Utameza kila siku, siku ishirini na nane. Chanjo ya homa ya ini umepata?"

"Bado."

"Tunaanza leo. Baada ya miezi mitatu nitakupima tena. Na wewe na Ireri msubiri majibu, umenisikia?"

"Sisi tunasubiri harusi, Sista!" Rwamba akaona haya. "Sitafutwa kazi?"

"Ufutwe kwa nini? Kosa ni la aliyetupa sindano mfukoni. Tutaandika ripoti, lisirudiwe."

Siku hiyohiyo kisanduku kigumu cha kutupia sindano kikawekwa kando ya kila kitanda. Dawa zilimtia Rwamba kichefuchefu, lakini Ireri alipiga simu kila jioni: "Umemeza?" Hakuruka hata siku moja.

Miezi mitatu ikaisha. Ruguru akatazama kipimo, akatabasamu. "Uko salama!"

Rwamba akapiga kigelegele, wagonjwa wakaruka vitini. Akatoka mbio kumwambia Ireri, aliyekuwa akingoja nje. Alimkuta ameinama, anakamua kidole cha mguu.

"Nimekanyaga mwiba tu," Ireri alisema.

"Acha kukamua!" Rwamba alimvuta mkono huku akicheka na kulia. "Tuko salama, Ireri! Njoo bombani, sabuni iko."