Kiti cha Greve wa Ravnholt

"Kwani huyu babu hali?"

Afnan aliuliza hivyo, kwa Kiingereza, Ijumaa moja ya Agosti, mwaka 1998, kijiko mkononi, macho kwenye kiti kitupu kilichokuwa mwisho wa meza. Hakuna aliyemjibu. Mama yake, Mahfudha, alikuwa ametoka zamu hospitalini na miguu inamuuma. Baba yake, Ubeid, alikuwa anatafuta chumvi. Bibi Kidawa, mama yake Ubeid, aliyeletwa Houston kutoka Unguja mwaka uliotangulia, hakusikia kwa kelele za kiyoyozi. Na Nahla, dada mkubwa, mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye hakuna mdahalo aliowahi kushindwa, alidhani mdogo wake anatania. Msichana wa miaka tisa ana utani mwingi. Wali ukaendelea kuliwa.

Kiti kile kiliingia nyumbani kwao, mtaa wa Alief, siku ya Jumatano. Ubeid aliendesha lori la kuhamisha vyombo, na kazi ya siku hiyo ilikuwa kusafisha nyumba kongwe nje ya mji wa Sugar Land, alikofia bibi mmoja wa kizungu asiye na mtoto wala mjukuu. Alikuwa wa mwisho katika ukoo wa Ravnholt, mabwana wakubwa wa zamani, nusu Wajerumani, nusu Wadenmaki. Jamaa wa mbali walichukua vijiko vya fedha wakaacha maagizo kwamba vilivyobaki vitupwe. Ubeid hakuweza kutupa mti kama ule: mweusi, mzito, mgongo wake umechongwa kunguru aliyevaa taji. Chini ya kikalio palikuwa na droo, na ndani ya droo kitabu cha ngozi, kimeandikwa kwa Kiingereza.

Nahla alikisoma usiku mmoja akakimaliza kwa hasira. Kurasa mia na arobaini za vyeo. Greve, ambacho ni cheo kikubwa kuliko baroni, akamzaa greve mwengine. Shamba la Holstein likaungana na shamba la Jutland kwa ndoa. Mfalme akatoa nembo. Ngome ikajengwa, ikaungua, ikajengwa tena. Kwa pesa gani? Hapo kitabu kinapatwa na kigugumizi. Kinasema tu "mapato ya kisiwani", kisha kinarudi haraka kwenye harusi. Kisiwa chenyewe kilikuwa cha miwa, huko Karibiani, na sote tunajua kwamba mabaroni hawakati miwa.

"Baba, hawa wanapenda nasaba kuliko wajomba zako wa Kishihiri," Nahla alimwambia Ubeid, na Ubeid akacheka akasema angalau wajomba zake, Waarabu wa Yemen, wanauza kahawa.

Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho wiki ile.

Jumamosi alasiri nyumba ilinuka sukari inayoungua. Mahfudha alikagua jiko. Jiko lilikuwa baridi. Ilipoingia magharibi kiti kililia, ule mlio wa mbao inapopokea mtu mzito, na Afnan akainuka mahali pake, akaenda kusimama nyuma ya kiti, mikono imekunjwa tumboni, macho chini. Mama yake alimwita akae ale. Hakugeuka.

Bibi Kidawa ndiye aliyelijua jambo lile, au alidhani analijua. Huko kwao wapo majini wa kila kabila, hata wa kizungu, na wote wana adabu moja: hufukuzi kabla hujauliza. Unampa kiti, unamuuliza jina lake, ukoo wake na haja yake, unamwita kwa heshima yake, mnapatana, anaondoka. Wa kizungu hapendi ubani. Anataka kitambaa cheupe, biskuti, marashi na soda. Bibi akatandika sinia, akakaa chini mbele ya kiti kitupu, akauliza kwa sauti ya chini kama mtu aliye mlangoni kwa mfalme.

Jibu lilitoka kinywani mwa Afnan. Mtoto yule alikuwa akijibu wazazi wake kwa Kiingereza tu, lakini sasa alitoa Kiswahili cha kizee, kikavu, bila kuinua macho. "Mimi Greve wa Ravnholt."

"Karibu, Mwinyi," alisema Bibi. "Karibu, Greve wa Ravnholt."

Kiti kikalia tena, kama mtu anayejiweka vizuri.

Jumapili Greve akataja cheo cha pili, Baroni wa Lindeborg, na Bibi akamwita hivyo. Jumatatu cha tatu. Kila siku sinia ilikuwa nzuri zaidi, na kila siku mtoto aliinama zaidi, mpaka jioni ya Jumatatu alikuwa amepiga magoti, paji la uso limegusa mguu wa kiti. Bibi alisema wavute subira, majini wa vyeo wana maneno mengi, akimaliza kujitaja ataeleza haja yake.

Nahla hakuvuta subira. Alikifungua kile kitabu upya, na safari hii alianzia nyuma, kwenye karatasi za mkono zilizoshonwa mwishoni, akiwa na kamusi ya Kidenmaki ya maktaba ya chuo. Ilikuwa orodha ya vitu vya shamba la kisiwani. Farasi kumi na wawili. Masufuria ya shaba. Nyumbu. Na baada ya nyumbu, watu. Mistari sitini na moja, majina ya kwanza tu. Mstari wa mwisho haukuwa na jina. Uliandikwa: msichana, miaka tisa. Mahali pa jina palikuwa patupu, au palitakiwa kuwa patupu, maana sasa palikuwa na herufi tatu za wino mbichi. A. F. N.

Alimwonyesha baba yake. Jumanne adhuhuri Ubeid alikibeba kiti peke yake akakitupa kwenye jaa nyuma ya majengo, akarudi ndani akifuta jasho, na ndipo Mahfudha alipouliza Afnan yuko wapi. Walimkuta jaani, peku juu ya lami ya saa saba, lami inayoyeyusha ndala, amesimama nyuma ya kiti mikono imekunjwa, nyayo zimefanya malengelenge na uso hauna habari. Walipomvuta alikuwa mzito kama gogo. Ubeid akakibeba kiti kukirudisha ndani, akilia, na mtoto akafuata nyuma yake mwenyewe.

Jioni ile Bibi alimwita kwa cheo cha nne, kwa kuogopa kunyamaza. Herufi ya nne ikatokea.

Jumatano, kabla ya magharibi, Nahla alimshika bibi yake mikono yote miwili. "Bibi, usimwite. Kila ukimpa cheo, anachukua herufi. Imebaki moja."

"Nisipomwita atakasirika, mwanangu."

"Na akasirike. Nani kampa hivyo vyeo? Kapewa na watu walioogopa, kama sisi."

Siku hiyo Bibi hakuitandika sinia. Nahla akakaa chini na kitabu, akasema watasoma wale wengine, mmoja mmoja, na kumwombea kila mtu rehema, kama wanavyosomewa watu wenye watu. Bibi aliuliza wale walikuwa dini gani, isije ikawa makosa. Nahla akasema hajui, Mungu anawajua waja wake. Bibi akafikiri kidogo, akajifunga ukaya wake kichwani vizuri, akasema haya, soma.

"Kofi," alisoma Nahla. "Mungu amrehemu," akasema Bibi. "Abena." "Mungu amrehemu." "Domingo." Na kiti kikaanza kulia, si kwa uzito bali kwa hasira, mbao ikisagana na mbao, na harufu ya sukari ikapanda mpaka macho yakawawasha na Mahfudha akakohoa machozi, na Afnan, amepiga magoti miguuni pa kiti, akafunua kinywa chake na ile sauti ya kizee ikaanza kutaja vyeo vyake vyote kwa pamoja, Greve, Baroni, Bwana wa hiki, Mlinzi wa kile, haraka haraka, ikishindana na majina, ikitaka mtu mmoja tu aitikie, na Ubeid akaziba masikio kwa sababu alihisi ulimi wake mwenyewe unataka kusema "Ndiyo Mwinyi", na Nahla akazidi kusoma, Kwaku, Adjua, Kofi mwengine, sauti inamkauka, na Bibi anaitikia kila mmoja bila kuruka, hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini, mpaka wakafika mstari wa mwisho ambao hauna cha kusoma.

"Mmoja wa watu wangu amepungua," ilisema sauti, taratibu. "Nafasi yake iko wazi."

Nahla alisoma kilichoandikwa. "Msichana. Miaka tisa."

"Mungu amrehemu mtoto wa watu," akasema Bibi Kidawa.

Mgongo wa kiti ukapasuka katikati ya kunguru. Afnan akaanguka chali, akalia kilio chake mwenyewe, cha mtoto aliyeungua miguu, na akamwita mama yake kwa Kiingereza.

Ubeid alikichoma kiti Pearland, mji wa jirani, uani kwa rafiki yake. Kitabu hakichomwi, kwa sababu wale sitini hawana pengine palipoandikwa. Anacho Nahla. Herufi tatu zilififia. Ya kwanza, A, bado ipo, na wino wake haujakauka.

Miaka minane imepita. Afnan sasa ana kumi na saba, anacheza mpira wa kikapu, anabishana kuliko dada yake. Lakini jioni nyingine, katikati ya chakula, anainuka, anakunja mikono tumboni, anainamisha macho upande wa mwisho wa meza ambako hakuna kiti. Anasimama hivyo kwa muda wa pumzi mbili. Kisha anakaa, na ukimuuliza, hakumbuki.

Kwa hiyo nawaombeni, nyote mliosoma kisa hiki. Mkisoma khitma zenu za kuwaombea marehemu, mkimaliza majina ya watu wenu, mtajeni na yule msichana wa miaka tisa. Mpeni jina, mumjazie nafasi yake. Jina lolote, isipokuwa Afnan.