Wimbo Ndani ya Friza

Badria akitoka shule huvua sare, hula, hufua soksi zake, kisha hujaza ndoo ya jioni kwenye bomba la uani. Kazi zikiisha hupanda ngazi mbio hadi ghorofa ya pili, kwa rafiki yake Nirali. Jengo lao lilikuwa Mchafukoge, karibu kabisa na Kariakoo.

"Usikimbie kwenye ngazi!" mama yake, Bi Zamda, humpigia kelele. "Usiguse waya! Na lile friza bovu la uani usilisogelee!"

Bi Zamda aliuza mapazia ya mtumba kule Mchikichini, na wasiwasi haukumtoka hata akiwa amelala. Maonyo yake yalikuwa mengi hata Badria akaacha kuyasikia, kama watu wa mtaa ule walivyoacha kuzisikia jenereta.

Kwa akina Nirali kulikuwa na gemu ya televisheni. Mzee Girish, baba yake Nirali, aliuza redio Kariakoo, na miaka ile maduka yalikuwa yamefurika vitu ambavyo zamani watu walivisikia kwa wasafiri tu. Watoto walicheza kwa zamu, wakimrusha kijitu kidogo juu ya mashimo. Kila mchezaji alipewa laifu tatu. Akizimaliza anaanza upya, na hakuna aliyeumia.

Jumapili moja mjomba wa Nirali alileta kanda ya video kutoka Uingereza. Ulikuwa mchezo wa jukwaani wa zamani sana, ambao watu wake hawaongei hata kidogo, wanaimba tu. Wenyewe huuita opera.

"Wanagombana kwa kuimba!" alicheka Celina, mtoto wa jirani. "Hawa wakikanyaga msumari si wataimba pia?"

Lakini sehemu ya mwisho iliwanyamazisha wote. Mfalme alimfungia mwanamke mfinyanzi pangoni. Taa za jukwaa zikafifia taratibu, manjano ikawa bluu. Ngoma zikakoma. Ikabaki sauti moja ikiimba gizani, nyembamba kama uzi. Badria hakuelewa hata neno moja la wimbo ule, lakini vinyweleo vya mikono vilimsimama.

Kesho yake umeme ulikatika. Ulikuwa wakati wa mgawo, na gemu haikuwaka.

"Basi tufanye opera yetu," alisema Nirali, "ila iwe kama gemu. Mtu anapita steji kwa steji. Akiongea badala ya kuimba, amepoteza laifu."

Wazo likawapandisha wazimu. Bi Zamda alikuwa na mapazia chakavu yasiyouzika, na Badria akayatundika uani. Steji ya kwanza ilikuwa pazia la manjano na ndoo ya kupigwa kwa kasi. Ya pili pazia jekundu na mapigo mazito. Ya mwisho pazia la bluu na ukimya mtupu. Nyuma yake ndipo penye pango. Mchezaji ataingia humo na kuimba mpaka watazamaji wapige makofi, hapo atafunguliwa na atakuwa ameshinda.

Pango lenyewe lilikuwa lile friza.

Badria ndiye aliyelijaribu kwanza, akiwa peke yake. Aliinua kifuniko, akakiachia, kikashuka chote na kulia *kchaa!* Akavuta. Hakifunguki. Alimwita Bushiri, fundi redio mwenye kibanda langoni, naye akakibandua kwa bisibisi huku jasho likimtoka.

"Kitasa hiki kinajifunga chenyewe," Bushiri alisema. Uso wake haukuwa na utani. "Mtoto akiingia humu hatoki, na hewa hamna. Nenda kamwambie Mama Nirali, mwenye friza, leo hii alifungie mahali. Umenisikia?"

"Nimesikia, fundi."

Hakwenda. Angesema, opera ingekufa. Badala yake aliona amepata njia ya kijanja. Siku ya mchezo angetega kandambili kwenye ukingo wa friza, kifuniko kisishuke chote. Na kwa nini kandambili iko pale, hakumwambia mtu.

Asubuhi, alipopita langoni kwenda shule, Bushiri alimuuliza, "Ulimwambia?"

"Nimeshamwambia," Badria alijibu. Akaongeza mwendo.

Jioni ile watoto wa jengo zima walikaa uani kwenye mikeka. Umeme ulikuwa umekatika tena, na jenereta za madukani zilinguruma kwelikweli. Mchezaji wa kwanza alikuwa Akash, mdogo wake Nirali, mwenye umri wa miaka saba na sauti ya kupendeza. Badria alikuwa mfalme. Alijipaka majivu usoni na kuvaa taji la bati.

Akash alipita manjano. Akapita nyekundu. Akaimba, "Ninakuja pangoooni, siogopiii!" na watoto wakacheka kwa furaha. Badria akamwingiza kwenye friza, akatega kandambili, akateremsha kifuniko polepole. Kikabaki na upenyo wa vidole viwili. Akarudi kusimama mbele, penye kiti cha mfalme.

Nyuma ya pazia alibaki Nirali, mwenye kazi ya kuangalia mwanga na sauti. Akaona upenyo ule. Akanong'ona peke yake, "Pango gani hili linaingiza mwanga?" Akachomoa kandambili.

Jenereta zilimeza ule mlio wa *kchaa*.

Wimbo ukaanza. Mwanzoni ulikuwa wa kuchekesha. Kisha ukabadilika.

"Funguaaa," Akash aliimba. "Kuna jotooo. Badriaaa, funguaaa."

"Anajua huyu!" alinong'ona Celina. "Mpaka nasikia baridi."

"Siwezi kupumuaaa..."

Makofi yakaanza. Sauti ikapungua, ikawa nyembamba kama uzi, sawasawa na ile ya kwenye kanda. Watoto wakashika mashavu kwa uzuri wake. Badria naye alitabasamu, lakini akageuka kulitazama pazia. Mtoto anayeogopa kupoteza laifu hawezi kuongea. Ataimba tu, hata kama ni kweli.

Halafu wimbo ukakatika.

Nirali akatokea kando ya pazia, kidole mdomoni, akiwaashiria wakae kimya wausikilize ukimya ule. Mkononi alishika kandambili ya bluu.

Badria aliiona. Alipita katikati ya pazia likachanika. Akavuta kifuniko kwa mikono yote miwili. Hakikutikisika. "Akash!" aliita.

"Badria, unaharibu!" alilalamika Nirali. "Umeongea, umepoteza..."

"Kimefunga! Kimefunga!"

Alikimbia langoni. Bushiri alikuwa ameinama juu ya redio, jenereta ikinguruma pembeni yake.

"Fundi, njoo! Akash anakufa!"

Bushiri akainua macho, akaona majivu na taji la bati. Akacheka. "Ah, mheshimiwa mfalme! Leo umemuua nani?"

Badria alilitupa taji chini. Angeweza kulia, angeweza kupiga kelele zaidi, na Bushiri angezidi kucheka. Kilichobaki ni kile kimoja tu ambacho hakutaka kukisema.

"Nilikudanganya," alisema. "Mama Nirali sikumwambia. Akash yumo ndani ya friza na kitasa kimejifunga."

Kicheko kikafia mdomoni mwa Bushiri. Alinyakua bisibisi na kukimbia, akaangusha redio ya mteja bila kugeuka nyuma. Akapekecha kitasa, bisibisi ikateleza ikamchana kiganja, akapekecha tena. Kifuniko kikaruka.

Akash alikuwa amelowa kama aliyetoka kuoga, midomo imepauka, macho nusu wazi. Bushiri akamlaza mkekani kwenye hewa, akawafukuza watoto waliomzunguka. "Pumua, baba. Pumua." Kifua kikatulia, jamani, kikatulia mpaka Nirali akaanza kupiga mayowe. Kisha Akash akakohoa, akavuta pumzi ndefu yenye mlio, akaanza kulia. Badria hakuwahi kusikia sauti nzuri kuliko kilio kile.

Mama Nirali, Bi Kamla, alimbeba mwanawe hadi zahanati bila hata viatu. Waliporudi, daktari alikuwa amewahakikishia kwamba Akash ni mzima, ila angechelewa kutolewa kidogo tu, wangekuwa wanasema mengine. Badria aliwasubiri mlangoni kwao, mama yake kando yake.

"Mama Nirali, Nirali hana kosa," alisema. "Mimi nilijua tangu jana. Fundi aliniambia nije kukuambia, sikuja. Nilitaka tucheze."

Bi Kamla alimgeukia. "Mlango wangu ulikuwa wazi jana yote," alisema. Neno hilo lilimchoma Badria kuliko fimbo.

Bi Zamda akamgeuza binti yake amtazame.

"Mimi nakuonya mengi, labda mengi mno," alisema. "Basi yasahau mengine yote, hili ulishike. Kale kajitu ka kwenye televisheni kakianguka kanaamka. Akash ana pumzi moja. Ukijua hatari ukainyamazia, hata ukitega kandambili kumi, wewe ndiye uliyemfungia. Ungesema ukweli jana, ungepoteza mchezo tu."

Kesho yake Mzee Girish alimleta Bushiri, kiganja kikiwa na bandeji, naye fundi akafungua bawaba na kuking'oa kifuniko kabisa. Opera haikufa, ila ilipata sharti jipya alilolitunga Badria. Neno "kweli" haliimbwi, linasemwa. Mtu akilisema, kila kitu kinasimama, na hakuna anayepoteza laifu.

Jumamosi waliicheza mbele ya wazazi. Akash alilala ndani ya friza lisilo na kifuniko, nyuma ya pazia la bluu, akaimba hadi Bi Kamla akafuta machozi. Mara wimbo ukakatika.

"Kweli!"

Badria aliliangusha pazia kabla wengine hawajainuka.

"Nini? Umeumia?"

"Mbu," alisema Akash. "Ameniuma sikioni."

Watu wote uani wakaangua kicheko, isipokuwa Bi Zamda. Aliinuka, akamfunika Akash miguu kwa pazia, akamwambia, "Umefanya vizuri, mwanangu. Na kesho akikuuma tena, sema tena."